Baybars: Mtumwa wa dirhamu 800 aliyekuja kuwa sultani wa Misri

Ukisikiliza taarifa za habari za vita, neno "mamluki" halikosi kupita masikioni. Ni askari wa kukodiwa, anayepigana vita visivyo vyake ili alipwe. Kwenye mikutano ya siasa neno hilo hilo hutumika kama tusi: mtu aliyepandikizwa, aliyejificha humu huku moyo wake uko kule.

Lakini mamluki wa kwanza hawakukodiwa. Walinunuliwa. Kwa Kiarabu, "mamluk" maana yake ni aliyemilikiwa. Neno hilo lina mzizi mmoja na maneno yetu miliki na milki, na hata Maliki, yaani mfalme. Karne ya 13 aliishi mtu mmoja aliyepita katika maneno hayo yote. Alimilikiwa, kisha akatawala, kisha naye akamiliki wengine. Jina lake ni Baybars.

Mtoto wa wafugaji

Baybars alizaliwa miaka ya 1220 katika nyika pana zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ambazo leo ziko Ukraine na Urusi. Watu wake waliitwa Wakipchak. Walikuwa wafugaji wenye asili ya Kituruki, wakihamahama na farasi na kondoo wao kufuata malisho. Mtoto wa huko alipanda farasi akiwa bado mdogo, na upinde ulikuwa chombo cha kila siku kama fimbo ya mchungaji. Jina Baybars lenyewe linaunganisha maneno mawili ya Kituruki: bwana na chui.

Mwishoni mwa miaka ya 1230 majeshi ya Wamongoli yalifika katika nyika hizo. Kambi zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, na familia zikakimbia huku na kule. Katika vurugu hizo, yapata mwaka 1242, Baybars alikamatwa na kuuzwa katika mji wa Sivas, ulioko Uturuki ya leo. Kutoka hapo wafanyabiashara walimpeleka Syria.

Waandishi wa zama zile wanasema alikuwa mrefu, mwenye macho ya buluu, na jicho moja lilikuwa na doa jeupe. Doa hilo lilimharibia soko. Inasimuliwa kwamba aliuzwa kwa dirhamu 800 za fedha, kisha mnunuzi akaliona jicho na kumrudisha kwa muuzaji, kama mtu anavyorudisha mbuzi aliyegundua kuwa ana kasoro.

Mwishowe alinunuliwa na ofisa mmoja wa kijeshi aliyeitwa Aydakin. Kazi ya Aydakin kwa sultani ilikuwa kubeba upinde maalumu wa kurushia vidonge vidogo vya udongo wakati wa kuwinda ndege. Vidonge hivyo viliitwa bunduq, na aliyebeba upinde huo aliitwa bunduqdar. Kutokana na neno hilo, miaka mingi baadaye silaha za baruti zilipoenea, likapatikana neno tunalotumia sisi: bunduki. Kwa kuwa mtumwa alibeba jina la bwana wake, kijana huyo akajulikana kama Baybars al-Bunduqdari.

Kwa nini sultani anunue askari?

Huenda msikilizaji unajiuliza: mfalme mwenye watu wake anakwendaje sokoni kununua wageni na kuwapa silaha?

Jibu liko katika ukoo. Sultani wa Misri wakati huo, al-Salih Ayyub, alitoka katika ukoo wa Salahuddin, yule aliyeukomboa mji wa Jerusalem mwaka 1187. Ukoo huo ulijaa ndugu waliogombea miji. Askari mzalendo alikuwa na baba, wajomba na kabila, na siku ya ugomvi angeweza kuwafuata hao badala ya sultani. Mvulana aliyeletwa kutoka mbali hakuwa na mtu. Hakujua lugha ya nchi wala hakuwa na ndugu wa kukimbilia. Mtu pekee aliyemlisha, kumvika na kumpa cheo alikuwa bwana wake.

Sheria ya Kiislamu hairuhusu kumfanya Mwislamu huru kuwa mtumwa. Kwa hiyo wafanyabiashara walikwenda kutafuta wavulana kwenye nyika za kaskazini, ambako wakati huo wengi hawakuwa Waislamu. Walipofika Misri waliwekwa kambini. Walifundishwa Kiarabu, Kurani na ibada, kisha kupigana juu ya farasi kwa mkuki, upanga na upinde. Mafunzo yalichukua miaka. Aliyehitimu aliachwa huru, akapewa farasi, silaha na mshahara. Lakini utii kwa bwana wake haukuisha, na wenzake aliokua nao kambini walikuwa ndio ndugu zake.

Hapa kuna tofauti kubwa na utumwa ambao Afrika Mashariki inaukumbuka zaidi, wa soko la Zanzibar lililofungwa mwaka 1873 na wa mashamba ya karafuu. Mtumwa wa shamba hakupewa upanga wala cheo. Mamluki aliweza kuwa amiri mwenye askari wake na ardhi ya kumpa mapato. Hata hivyo, mwanzo wa safari zote mbili ni mmoja: mtoto ananyang'anywa kwa wazazi wake na kutiwa bei.

Katikati ya miaka ya 1240 Aydakin alikosana na sultani na mali yake ikataifishwa. Baybars alikuwa sehemu ya mali hiyo. Ndivyo alivyoingia katika kikosi cha sultani mwenyewe, kilichokaa kisiwa cha Rawda, katikati ya mto Nile pale Cairo. Wamisri huuita mto huo bahr, neno lile lile tunalosema sisi bahari, na kikosi hicho kikaitwa Bahriyya.

Vita vya Mansoura

Mwezi Juni 1249 Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa aliteka mji wa Damietta, kwenye pwani ya Misri, akiongoza Vita vya Msalaba. Miezi michache baadaye, wakati adui akiwa ndani ya nchi, Sultani al-Salih akafariki. Mjane wake, Shajar al-Durr, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa, aliificha habari ya kifo ili jeshi lisivunjike moyo.

Februari 1250 ndugu wa mfalme, Robert wa Artois, aliingia na wapanda farasi wake mjini Mansoura bila kusubiri wenzake. Mamluki wa Bahriyya waliwaacha waingie, kisha wakawabana katika vichochoro ambamo farasi hawezi kugeuka. Robert na wengi wa watu wake waliuawa. Baybars alikuwa miongoni mwa waliopanga mtego huo. Mwezi Aprili Mfalme Louis mwenyewe alikamatwa, akaja kuachiwa kwa fidia kubwa.

Mrithi wa kiti, Turanshah, alianza kuwasukuma pembeni mamluki wa baba yake na kuleta watu wake. Mei 1250 mamluki walimuua, na Baybars alikuwa katika kundi hilo. Shajar al-Durr alitawala kwa siku 80 hivi, mmoja wa wanawake wachache sana walioshika usultani. Kisha kiti kikamwangukia mamluki aliyeitwa Aybak. Walionunuliwa kuulinda utawala walikuwa sasa wameuchukua.

Baybars hakufaidika mara moja. Mwaka 1254 Aybak alimuua kiongozi wa Bahriyya kwa kuhofia nguvu zake. Baybars na wenzake walikimbilia Syria, wakaishi kwa miaka wakitumikia mtawala huyu na yule.

Chemchemi ya Jaluti

Wamongoli waliovuruga utoto wake wakaja tena. Februari 1258 waliiteka Baghdad na kumuua khalifa. Mwanzoni mwa 1260 wakachukua Aleppo, kisha Damascus. Wajumbe wao walifika Cairo kudai Misri isalimu amri. Sultani wakati huo alikuwa Qutuz, naye pia mamluki. Aliwaua wajumbe na kutundika vichwa vyao kwenye lango la mji. Baada ya hapo hapakuwa na nafasi ya mazungumzo.

Baybars alipatana na Qutuz, akarudi Misri na kupewa kuongoza kikosi cha mbele. Bahati nayo ilikuwa upande wao. Mfalme mkuu wa Wamongoli alikuwa amefariki, na Hulagu, kamanda wao katika eneo hilo, alikuwa amerudi mashariki na sehemu kubwa ya jeshi. Aliyebaki ni jemadari wake Kitbuqa na jeshi dogo zaidi.

Majeshi yalikutana tarehe 3 Septemba 1260 mahali panapoitwa Ain Jalut, katika bonde la Yezreeli, kusini mwa Galilaya. Maana yake ni Chemchemi ya Jaluti, yule jitu ambaye wasomaji wa Biblia wanamwita Goliathi. Kikosi cha mbele kiliwavuta Wamongoli, kikarudi nyuma, na jeshi kubwa lililojificha likatoka. Kitbuqa aliuawa na jeshi lake likavunjika. Wamongoli walirudi Syria mara kadhaa baadaye, lakini hawakuwahi kukanyaga Afrika.

Kiti kilichopatikana kwa damu

Inaelezwa kwamba Baybars alitarajia kupewa mji wa Aleppo kwa kazi yake, na Qutuz akampa mtu mwingine. Walipokuwa njiani kurudi Cairo, Oktoba 1260, sultani alitoka kwenda kuwinda. Kundi la maamiri wakamzunguka na kumuua. Waandishi wa wakati ule hawakubaliani ni nani aliyepiga pigo la kwanza, lakini wanakubaliana kwamba Baybars alikuwa mmoja wao.

Wauaji walirudi kambini. Inasimuliwa kwamba amiri mkuu aliyekuwapo aliuliza ni nani aliyemuua sultani. Baybars akasema ni yeye. Akaambiwa basi aketi yeye mahali pake. Mji wa Cairo ulikuwa umepambwa kumpokea Qutuz mshindi. Ukampokea Baybars.

Miaka 17 ya utawala

Baybars alijua kwamba njia aliyopitia yeye ingeweza kupitiwa na mwingine. Hakuwa mtoto wa sultani, na watu walikumbuka bei yake. Kwa hiyo alitafuta uhalali. Alifuta kodi za vita zilizowekwa na Qutuz. Mwaka 1261 alimkaribisha Cairo mtu wa ukoo wa Abbas aliyesalimika na maafa ya Baghdad, akamtangaza kuwa khalifa, naye khalifa akamtangaza Baybars kuwa sultani halali. Khalifa hakuwa na jeshi wala hazina, lakini ukoo wake uliendelea kukaa Cairo hadi 1517.

Mwaka 1264 chakula kilipopungua Misri na bei ya nafaka kupanda, alitoa nafaka katika maghala yake na kuwagawa maskini wa mji kwa maamiri, kila mmoja alishe watu kadhaa mpaka mavuno.

Mwaka 1265 aliteua makadhi wakuu wanne mjini Cairo, mmoja kwa kila dhehebu la sheria: Shafii, Hanafi, Maliki na Hanbali. Kabla ya hapo kadhi mkuu alikuwa mmoja, wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki.

Jambo jingine lililompa nguvu ni habari. Alianzisha vituo vya farasi njia nzima kati ya Cairo na Damascus. Mpeleka barua alifika kituoni, akabadili farasi na kuendelea bila kupumzika, hata barua ikafika kwa siku nne hivi. Njiwa walibeba ujumbe mfupi wa haraka. Gavana wa mbali hakuweza kupanga uasi kwa muda mrefu bila sultani kujua.

Kwa upande wa vita, alizivunja ngome za Wanamsalaba moja baada ya nyingine. Miji mingine tunaijua kutoka katika Biblia: Kaisaria mwaka 1265, kisha Yafa na Antiokia mwaka 1268. Mwaka 1271 aliteka Krak des Chevaliers, mojawapo ya ngome imara kuliko zote Syria. Kusini alituma jeshi mwaka 1276 hadi Dongola, katika Sudan ya leo, baada ya Mfalme Daudi wa ufalme wa Kikristo wa Makuria kushambulia bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu. Daudi aliondolewa na nafasi yake akapewa jamaa yake, Shakanda, chini ya mamlaka ya Cairo.

Aliyenunuliwa akawa mnunuzi

Hapa ndipo hadithi ya mtumwa aliyepanda juu inapokuwa ngumu kuisikiliza.

Mwaka 1266 walinzi wa ngome ya Safad walijisalimisha, kisha wakauawa. Antiokia ilipoanguka Mei 1268, milango ya mji ilifungwa watu wasitoroke. Maelfu waliuawa na maelfu wengine wakagawanywa kwa askari kama watumwa, wakiwemo wanawake na watoto. Baybars alimwandikia barua mtawala wa mji huo, ambaye hakuwapo siku hiyo, kumweleza kwa kirefu yaliyowapata watu wake.

Mtu aliyeuzwa utotoni angetegemewa kuichukia biashara hiyo. Baybars aliilinda. Jeshi lake lilihitaji wavulana wapya kila mwaka, kwa sababu watoto wa mamluki walizaliwa huru na Waislamu, na kwa kawaida hawakuingizwa katika vikosi vile. Kwa hiyo alijenga urafiki na Berke, mtawala wa Wamongoli wa nyika za kaskazini aliyekuwa amesilimu, na akafanya mapatano na mfalme wa Konstantinopo ili meli zipite katika mlango wa bahari wa Bosporus. Pamoja na bidhaa nyingine, meli hizo zilileta Misri wavulana kutoka nyika zile zile alikozaliwa yeye.

Kwake huenda hapakuwa na njia nyingine. Jeshi ndilo lililomweka kwenye kiti, na jeshi lilitokana na soko. Kuliondoa soko kungekuwa kukata tawi alilokalia.

Urithi ulioshindikana

Baybars alifariki Damascus mwaka 1277, muda mfupi baada ya kuwashinda Wamongoli katika vita vya Elbistan, Uturuki. Wengi waliandika kwamba alikunywa maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kinywaji cha watu wa nyika, na kwamba yalikuwa na sumu. Alizikwa mjini humo.

Alikuwa amemwandaa mwanawe, Baraka, amrithi. Baraka alidumu kwa miaka miwili tu, maamiri wakamlazimisha kuondoka. Akawekwa mdogo wake, Salamish, mtoto wa miaka saba hivi, naye akaondolewa baada ya miezi michache, mwaka 1279.

Aliyechukua kiti alikuwa Qalawun, Mkipchak mwingine aliyewahi kununuliwa na aliyekuwa mwenzake Baybars katika Bahriyya. Alikuwa na jina la utani, al-Alfi, yaani "wa elfu", kwa sababu alinunuliwa kwa dinari 1,000 za dhahabu. Neno hilo alf ndilo elfu yetu. Sultani mzima alitembea na bei yake katika jina, na hakuna aliyeona aibu.

Mfumo uliotafuta watu wasio na ukoo ulishindwa kumwachia ukoo wa Baybars kiti. Utii wa askari ulikuwa kwa mtu aliyewanunua na kuwalea, haukuhamia kwa mtoto wake. Ukoo wa Qalawun ulidumu zaidi, lakini hata huko maamiri mara nyingi ndio waliopanga nani akae na nani aondoke. Utawala wa mamluki uliendelea hadi 1517, Waturuki wa Osmani walipoiteka Cairo.

Hakuwa peke yake

Njia ya Baybars ilipitiwa na wengine. Huko Delhi, India, Qutb al-Din Aibak alianza kutawala mwaka 1206, na baada yake Iltutmish, wote waliowahi kuwa watumwa. Afrika nayo ina mtu wake. Malik Ambar alizaliwa Ethiopia yapata 1548, akauzwa utotoni, na baada ya mikono kadhaa akafika India. Huko alikuwa jemadari, kisha mtawala halisi wa Ahmadnagar kwa niaba ya masultani wasio na nguvu, akiwazuia Wamughal kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 1626.

Huko Misri na Syria, jina la Baybars lilibaki midomoni mwa watu. Kwa karne nyingi wasimulizi katika migahawa ya kahawa ya Cairo na Damascus walisimulia visa vyake usiku baada ya usiku, vingine vya kweli na vingi vya kubuni. Msikiti wake aliojenga Cairo kati ya 1266 na 1269 bado upo.

Visa hivyo vya kahawani hupenda shujaa. Historia inaonyesha mtu aliyekuwa na uwezo mkubwa na mkono mzito, aliyepanda kutoka chini kabisa, kisha akaiacha ngazi pale pale ilipokuwa. Mwaka aliofariki, kama miaka yote ya utawala wake, meli zilivuka kutoka Bahari Nyeusi zikiwa na wavulana wa kuuzwa. Wachache wao wangekuja kuwa maamiri. Wengi wangekufa vitani, mbali na kwao, wakiwa na majina waliyopewa na wanunuzi.